Jiko la nje Moshi: paa kwanza, marumaru baadaye

Dada, umeuliza kwenye jiko lako la nje hapo Moshi uanze na marumaru au paa, maana hela haitoshi vyote. Paa! Masika ya Machi hadi Mei inakuja na upepo, kwa hiyo bati litokeze nje ya ukuta walau sentimita 60. Sakafu iinamie nje kidogo, maji yasituame.

Pa kuwashia kuni ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanapiga plasta ya saruji ndani, moto ukikolea inapasuka na kubanduka vipande vipande. Mwambie ajengee tofali za kuchoma kwa udongo wa mfinyanzi. Zege la kaunta limwagiliwe siku 7, likauke, ndipo ubandike marumaru. Dari ya jipsamu sahau, hata akikubembeleza.