Doberman wangu alidondoka getini, je nichukue mwingine kwa mama yuleyule?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi nakaa Nzuguni hapa Dodoma, nilikuwa na Doberman dume anaitwa Simba, miaka mitano, mzima kabisa, ugali na dagaa anamaliza sufuria. Mwezi wa sita asubuhi nafungua geti akanikimbilia kama kawaida yake, akadondoka hapohapo, hata kulia hakulia. Majirani wakasema wezi wamemtegea sumu, nikaamini, tukamzika jioni ileile. Sasa aliyeniuzia ana vitoto vingine, mama ni yuleyule, anataka laki nane. Dada yake Simba wa tumbo moja yupo kwa shemeji yangu Kongwa na yuko fiti tu. Watoto wangu wanataka mwingine kama yule. Nichukue? Au nihamie kwenye boksa?

JIBU: Pole sana kaka, mbwa wa miaka mitano ni mtu wa nyumbani kabisa.

Hiyo ya sumu naitilia shaka, na naisema mapema usije ukamchukia jirani bure. Mbwa aliyekula sumu mara nyingi utamkuta anatetemeka, anatapika, mate yanamtoka, anahangaika kwanza. Simba kakukimbilia kwa furaha akadondoka kimya. Uhakika ungepatikana kwa kumpasua kabla hamjamzika na hilo limeshapita, ila kwa Doberman wa umri ule mimi nafikiria moyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna ugonjwa unaitwa kadiomayopathi, yani misuli ya moyo inalegea, moyo unatanuka taratibu, nguvu ya kusukuma damu inapungua, alafu ule umeme unaoendesha mapigo unavurugika. Doberman wanaupata kuliko mbwa wengi sana, utafiti mmoja wa Ulaya uliotoka 2010 ulikadiria kuwa zaidi ya nusu yao wanakuja kuupata maishani. Na ubaya wake uko hapa, mbwa anaweza kukaa nao miaka miwili mitatu anakimbia, anabweka, anakula vizuri, wewe huoni kitu, na kwa baadhi yao dalili ya kwanza ndio hiyo uliyoiona getini.

Alafu ni wa kurithi, mzazi mmoja tu akiwa nao anatosha kuwapa baadhi ya watoto. Kwahiyo kwa mama yuleyule hapana kaka, hata akikushushia mpaka laki mbili, hapana.

Muuzaji atakwambia kitoto kimepimwa na daktari kiko safi. Kitakuwa safi kweli, maana huu ugonjwa unajitokeza ukubwani, kitoto cha miezi miwili hakiwezi kukuonyesha chochote. Hata kipimo cha DNA kikitoka kizuri usikichukulie kama kinga, kwa sababu jeni zinazojulikana hazielezi wagonjwa wote. Cha kuangalia ni wakubwa. Muulize baba yuko wapi, bibi na babu walikufa na miaka mingapi na walikufaje, akianza kukwambia walitegewa sumu wote wawili basi wewe ondoka. Kama kweli unampenda Doberman tafuta ukoo wenye wazee wa miaka tisa, kumi, ambao bado wapo hai unawaona kwa macho, na wazazi wamepimwa moyo kila mwaka kuanzia miaka mitatu, kwa ultrasaundi pamoja na kile kimashine cha kuvalishwa saa 24 kinachohesabu mapigo yaliyoruka. Yakizidi 300 kwa siku huyo tayari anahesabiwa mgonjwa. Mfugaji asiyejua hata unaongelea nini, hela yako ibaki mfukoni.

Boksa naye ana wake, misuli ya moyo hasa upande wa kulia, mapigo yanavurugika, anazimia au anakufa ghafla vilevile. Utakuwa umehama chumba tu. Kwa ulinzi wa Nzuguni mimi ningechukua mbwa wa kienyeji mwenye umbo zuri, nimlee tangu mdogo, nimpe chanjo ya kichaa na kumwogesha dawa ya kupe. Watoto watamzoea ndani ya wiki. Chotara wa Doberman sio njia ya kukwepa, anaweza kurithi huohuo moyo.

Ila mimi roho yangu iko kwa huyo dada wa Kongwa kuliko hicho kitoto. Mwambie shemeji leo usiku mbwa akilala usingizi mzito ahesabu mbavu zinavyopanda kwa dakika nzima, simu mkononi, kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikiwa zinazidi 30 kila anapohesabu, asisubiri. Alafu kiganja kimoja aweke kifuani nyuma ya kiwiko cha kushoto, vidole vya mkono mwingine ndani ya paja juu kabisa, pigo la kifuani lije na la pajani, likiwepo la kifuani la pajani likakosekana hiyo ni habari mbaya. Hata asipoona chochote ampeleke kwa daktari wa mifugo aombe rufaa ya kupimwa moyo, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kuna hospitali ya wanyama, waanzie kuulizia hapo. Ukigundulika mapema kuna dawa inaitwa pimobendani, haiponyeshi, ila kwenye utafiti wa 2012 Doberman waliopewa kabla ya dalili walikaa kama miezi tisa zaidi kabla moyo haujashindwa au kifo cha ghafla. Na huyo dada asizalishwe kabisa mpaka majibu yatoke.