Anko, huko mnavua bure?

Mpwa wangu, ile picha niliyoweka nikiwa nimeshika samaki botini imezua maneno mengi. Wewe umeuliza, "Anko, huko mnavua bure, halafu mnalalamika maisha magumu?" Mama yako mdogo akadakia kwamba kama samaki wenyewe ni wanene vile, niache kubeba boksi nikauze samaki. Na rafiki zako wa Migoli wakaona vile visiki vilivyochomoza majini nyuma yangu wakasema nawadanganya, niko bwawani Mtera. Haya, nakaa chini nijibu.

Visiki kwanza, maana hapo wenzako hawakukosea sana. Pale ni Chippewa Flowage, jimbo la Wisconsin, kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Minneapolis ninakoishi. Mwaka 1923 waliuziba Mto Chippewa ili kutunza maji ya kulisha mitambo ya umeme iliyoko chini zaidi. Ni kazi ileile bwawa la Mtera linayoifanyia mitambo ya umeme ya Kidatu. Maji yakapanda juu ya misitu na vijito na maziwa madogo, likatokea bwawa la ekari zaidi ya 15,000 lenye visiki hadi leo. Ukienda na boti kwa pupa kama unavyoendesha bodaboda, utaacha injini huko.

Maji hayo yalizamisha pia kijiji cha Waojibwe wa Lac Courte Oreilles, wenyeji wa asili wa pale, pamoja na makaburi yao. Walikuwa wamekataa. Waliahidiwa maiti zitahamishwa, na nyingi hazikuhamishwa. Leseni ya bwawa ya miaka 50 ilipokwisha mwaka 1971, wakaenda na wenzao wakaukalia ukuta wa bwawa kudai ardhi yao. Bibi yako, aliyehamishwa shamba maji ya Mtera yalipopanda, angewaelewa watu hawa haraka kuliko mimi.

Sasa hilo la bure. Leseni ya uvuvi nanunua, na kwa kuwa naishi Minnesota, Wisconsin wananihesabu mgeni na bei yangu iko juu ya mwenyeji. Weka petroli ya kwenda na kurudi, barafu, na chambo. Chambo huku kinauzwa dukani: visamaki hai kwa dazeni, minyoo kwenye vikopo, na ruba. Ndiyo, ruba. Ile mnayoibandua miguuni huku unaitolea dola, na muuzaji anakufungia kwa upole kabisa. Boti si yangu, ni ya mzee mmoja mstaafu ambaye nilikuwa namtunza mke wake kazini. Nikipiga hesabu, kilo moja ya samaki wangu inazidi kilo ya nyama ya buchani, na kwa mbali.

Kuuza ndiyo kabisa sahau. Samaki aliyevuliwa kwa leseni ya starehe ni marufuku kumuuza, hata mmoja, hata kwa jirani. Kuna idadi ya kwa siku, kuna vipimo vya urefu, na askari wa wanyamapori anaweza kukusogelea na boti yake, akafungua ndoo yako na kupima samaki mmojammoja kwa rula. Anaongea kwa adabu, na faini anaandika kwa adabu hiyohiyo. Mama mdogo mwambie biashara hiyo imefia hapo.

Mvuvi mwenzangu, nadhani wewe unachotaka ni samaki wenyewe. Wako wawili tunaowafuata. Mmoja anaitwa krapi, mpana, bapa, ana madoa meusi, ukimtazama haraka utasema perege. Huyu ni mtu wa miti. Kwenye kisiki kuna kivuli, na visamaki vidogo vinajificha humo, basi krapi wanatanda kundi zima katikati ya maji, juu kidogo ya matawi yaliyozama, wakisubiri. Hatumwekei nyavu, hairuhusiwi. Unatumia ndoano ndogo yenye kichwa cha madini ya risasi, na chelezo ambacho uzi unapita katikati yake, ili kina ukipange mwenyewe. Ukishusha chambo chini yao hawakiangalii. Kipitishe juu ya vichwa vyao, mita moja tu tofauti, utaona chelezo kinalala ubavu badala ya kuzama, kwa sababu krapi hula akipanda. Hapo usivute kwa nguvu. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba, ukimkurupusha inachanika na yeye anakwenda zake. Unamwinua taratibu kama unayemwinua mtoto aliyelala.

Wa pili ni wolai. Huyo ndiye niliyemshika pichani, mrefu, rangi ya shaba, mwenye meno. Ndani ya jicho lake, kwa nyuma, kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo gizani anaona vizuri kuliko samaki anaowawinda. Mchana analala chini, kwenye kingo za mkondo wa zamani wa mto, ule uliokuwepo kabla ya bwawa. Jua likizama anapanda kwenye visiki vya kina kifupi kula. Mwezi wa Juni huku jua linazama karibu saa tatu usiku, na ndiyo kazi inaanza, wewe na mbu. Unaburuza ruba karibu na chini, polepole, unaisikia risasi ikigonga mti, tok, tok, halafu kinakuja kizito kisichogonga. Mara nyingi ni kisiki tu. Ndoano nilizoacha kwenye visiki vile zingekutosha wewe mwaka mzima.

Jambo lililonishangaza ni kwamba visiki vikizidi kuoza, watu wa huku wanarudisha miti majini. Wanafunga magogo mafremu kama vichanja na kuyazamisha ili samaki wapate maskani. Halafu bwawa lile lina visiwa vya tope na miti vinavyoelea. Upepo ukikisukuma kimoja kikaziba daraja, wakazi wanakuja na boti zao kwa makumi, wanagusisha pua za boti kwenye kisiwa, wanapiga mota kwa pamoja mpaka kinaondoka. Msaragambo kabisa, na bia juu.

Umeniuliza pia kama wazungu wananisumbua. Gatini huwa natazamwa. Wengi wanasalimia na kuniuliza samaki wanakula chambo gani leo, maana mvuvi ni mvuvi. Wapo wanaouliza nimepotea njia au vipi. Lakini Waojibwe wenyewe, mahakama ilipothibitisha mwaka 1983 kwamba mikataba yao ya zamani na serikali ya Marekani inawapa haki ya kuvua, walipokwenda kuchoma wolai kwa mikuki walitukanwa na kurushiwa mawe kwenye magati ya kaskazini mwa Wisconsin. Kwao. Kwa hiyo siendi peke yangu usiku, naenda na mzee wangu.

Kula tunakula. Yeye anachukua minofu miwili, anapaka unga, anakaanga, vichwa anataka kutupa. Vichwa nachukua mimi. Mchuzi wa kichwa cha wolai na ugali wa unga wa duka la Wakenya, hapo hata huyo mzee ameshindwa kukaa mbali. Ila watoto wangu siwapi kila wiki: serikali ya jimbo inatoa mwongozo kwamba watoto na wajawazito wapunguze wolai kwa sababu ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki wawindaji.

Sasa ya maisha magumu. Nalala mchana, usiku nageuza wazee wa watu kitandani wasipate vidonda. Mshahara unaingia na kupita: kodi ya nyumba, bima, gari, ada za huko mnazonikumbusha. Jumamosi ya kwenda bwawani naipata nikibadilishana zamu, na hata hapo nasinzia. Pichani umeona samaki na jua, na mimi sikupiga picha ya zamu. Lakini nisikudanganye upande wa pili pia: nilichoka wiki nzima na pale sikuchoka, na dola zile sizijutii hata moja. Nitakwenda tena wakifungua msimu Mei.

Ukitaka kuja, njoo kwa kusoma au kwa kazi yenye mkataba, nami nitakusaidia fomu. Kwa uvuvi usije. Wewe Migoli unavua na kuuza asubuhi ileile, hapa ungekamatwa kabla ya saa nne.

Halafu ile hela ya nyavu uliyomtuma mama yako aniombe, nitaituma tarehe tano. Nunua za matundu yanayoruhusiwa. Nikisikia ni kokoro, usinipigie.