Je, siku za majaribio zipunguzwe ili programu isichelewe?

Swali: Ninasimamia utengenezaji wa programu ya mauzo kwa ajili ya duka la dawa hapa Lubumbashi. Tulipanga wiki mbili za kukusanya mahitaji, wiki sita za kuandika programu na wiki mbili za majaribio. Tumechelewa siku kumi. Mshauri anasema tubakize siku nne za majaribio na tuongeze watengenezaji wawili. Tumfuate?

Jibu: Ndugu, msimfuate katika lolote kati ya hayo mawili. Watengenezaji wapya watafundishwa na wale wale waliochelewa, na tangu mwaka 1975 Frederick Brooks, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikwisha kueleza kwamba kazi ya programu iliyochelewa, ikiongezewa watu, huchelewa zaidi.

Linaloniudhi hasa ni hilo la majaribio, kwa sababu karibu kila mpango ninaoletewa umeyasukuma mwishoni, kana kwamba ni ghala la siku za kufidia uzembe wa mwanzo. Winston Royce, Mmarekani ambaye mchoro wake wa mwaka 1970 hutajwa kila panapotetewa utaratibu wa hatua moja baada ya nyingine, alionya katika andiko lilo hilo kwamba kasoro inayofichuka kwenye majaribio ya mwisho inaweza kuirudisha kazi hadi kwenye usanifu, au hata kwenye mahitaji yenyewe. Watu walichukua mchoro, onyo wakaliacha.

Tazama ununuzi mmoja tu. Mteja anachukua dawa za dola saba, anatoa noti ya dola kumi, anarudishiwa franka. Je, programu inatumia bei ya dola ya asubuhi au ya saa hiyo? Umeme ukikatika baada ya malipo kuandikwa, dawa zimekwisha kupunguzwa katika hesabu au bado? Niliwahi kukaa kwenye kaunta moja siku programu ya namna hiyo ilipoanza kutumika: haikukubali kurudisha franka, na kabla ya saa nne asubuhi muuzaji alikuwa amerudia daftari lake.

Kwa hiyo kamilisheni kwanza mauzo ya taslimu peke yake, muuzaji ayajaribu wiki hii hii, huku ripoti na malipo ya simu yakisubiri. Kisha mzungumze na mwenye duka kuhusu tarehe. Na yeyote anayekuuzieni mpango wa haraka, mwulizeni ni siku gani muuzaji atakaa mbele ya programu kwa mara ya kwanza. Ikiwa ni wiki ya mwisho, msitie sahihi.