Kamera ikigoma, kagua kadi na lenzi kabla ya kumtafuta fundi

Mkuu, umesema kamera inakuandikia kadi ya picha (SD) imefungwa, picha nyingine zina ukungu, ukipiga anga kuna vidoa vyeusi, na sasa hivi unawaza kununua bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Tulia kwanza. Mimi napiga picha za shughuli na kamera nyingi nilizoona watu wamezikatia tamaa bodi ilikuwa nzima, shida iko kwenye vile vitu vya kuchomeka na kuchomoa.

Anza na kadi. Ichomoe uigeuze lebo ikutazame, ile kona iliyokatwa iwe juu kulia, ubavu wa kushoto utaona kaswichi ka plastiki. Kakiwa chini kadi imefungwa, kapandishe. Sasa kakishazeeka kanalegea, we unakapandisha vizuri kabisa, ile unasukuma kadi ndani kanakwaruza kwenye mdomo wa tundu kanashuka tena na ujumbe unarudi ule ule, mtu anaapa kamera imekufa. Kata kipande chembamba cha selotepu ukabane hapo juu, usiguse zile shaba za nyuma, kisha hamisha picha zako zote na utafute kadi nyingine maana hiyo ishachoka. Kadi mpya ifomati, yaani ifute na kuiandaa, ndani ya kamera yenyewe, sio kwenye kompyuta. Na kama kamera ni ya zamani angalia ukubwa, kamera zinazoishia kadi aina ya SDHC mwisho wao ni GB 32, ukiweka ya 64 itagoma tu.

Ukungu nao uko wa aina nyingi. Picha nzima ikiwa kama imemwagiwa maziwa, hiyo ni lenzi chafu au umetoka kwenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto na kioo kikatoka jasho, hapo iache kwenye begi lililofungwa mpaka izoee joto, na usithubutu kufungua lenzi. Kama ukungu una mstari wa kuelekea upande mmoja, mkono umetikisika, ongeza spidi ya shata, yaani kale kapazia kafunguke na kufunga haraka zaidi, lenzi ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200 ya sekunde. Kama ukuta wa nyuma umetoka safi ila sura ndo haisomeki, ni fokasi, cheki swichi ya AF/MF pembeni ya lenzi (AF kamera inafokasi yenyewe, MF unafokasi kwa mkono), inasogea yenyewe ukiitoa kwenye begi. Na kama unachungulia unaona ukungu lakini picha zenyewe ziko fresh, zungusha kile kigurudumu kidogo karibu na jicho basi.

Vidoa vya angani piga anga kwa f/22 (tundu la lenzi likiwa dogo) halafu f/4 (likiwa kubwa). Vikionekana kwenye ya kwanza na kupotea kwenye ya pili ni vumbi kwenye sensa, kile kibapa cha ndani kinachonasa picha. Betri ijae, ingia menyu ya kusafisha sensa, chomoa lenzi, geuza kamera mdomo chini upulize na kile kipulizio cha mpira cha kubinya. Kwa mdomo usipulize aisee, mate yakikauka pale utalia.

Fundi ni wa maji, mchanga na kuanguka. Ikilowa toa betri saa hiyo hiyo na usijaribu kuiwasha uone kama inawaka, na lenzi ikianza kulia kama inasaga mchanga usiizungushe kwa nguvu, ipeleke hivyo hivyo ilivyo.