Rust kwa programu ya stoo? Mkuu, simama hapo hapo

Mkuu, weka kibodi chini kwanza. Lugha ya programu ya Python unaijua miaka mitatu, mteja anataka programu ya stoo na ankara ndani ya miezi miwili, halafu unauliza uandike kwa lugha nyingine, Rust au Go? Shimo hilo nilishatumbukia, makovu bado ninayo.

Kazi yangu ilikuwa kama yako. Jamaa mmoja kwenye kundi la waprogramu akaniletea grafu: Rust inaiacha Python mbali kwa kasi. Grafu haikudanganya. Aliyenidanganya ni yeye, maana hakuuliza hata watumiaji wangapi. Walikuwa sita! Na mmoja yuko likizo. Baadaye nikaja kujua kuwa yeye mwenyewe hajawahi kumkabidhi mteja chochote kwa lugha hiyo. Mpambe nuksi kabisa.

Nikamsikiliza, nikaandika kwa Rust, na miezi minne nililala na kuamka na kosa E0502. Yaani orodha umeshaiazima kwa kusoma, kompaila (kile kinachokagua msimbo wako na kuugeuza kuwa programu) haikubali uibadilishe mpaka umalize. Nilikuwa napitia mistari ya ankara huku nataka kufuta bidhaa zilizorudishwa. Wiki tatu nahangaika, kumbe kuna `retain`, amri ya kubakiza unavyotaka na kufuta vingine, mstari mmoja tu. Kompaila ilikuwa sahihi kila mara, ndiyo maana iliniudhi zaidi. Mwishowe nikawa namwaga `.clone()`, yaani kunakili data ili kompaila inyamaze, kila mahali kama chumvi.

Sasa sikia kichekesho. Ripoti ya mwezi ikachukua sekunde tisa. Kwa Rust! Jedwali la mauzo halikuwa na indeksi (kama faharasa ya kitabu, ya kutafutia haraka) kwenye tarehe, kwa hiyo hifadhidata ilikuwa inalisoma lote kutoka juu hadi chini. Nikaweka indeksi, ripoti ikatoka kabla sijapepesa macho. Hiyo dawa ingefanya kazi hata kwa Python, na ningeigundua mwezi wa kwanza. Mteja alishachoka kungoja, akampa mtu mwingine kazi, malipo ya mwisho sikuyaona.

Andika kwa lugha ambayo mteja akipiga simu usiku wa manane, unajua kosa liko faili gani kabla hujavaa kandambili. Ungekuwa unaandika injini ya hifadhidata, au kitu cha kukaa kwenye kifaa chenye kumbukumbu finyu, ningenyamaza. Wewe unahesabu magunia.

Rust jifunze, lakini kwa kazi isiyo na mteja. Leo fungua faili la Python uanze. Pesa zihesabu kwa `decimal`, aina ya namba ya Python inayotunza desimali sawasawa, maana kwa float, namba za kawaida za desimali kwenye kompyuta, 0.1 + 0.2 inakuletea 0.30000000000000004. Rust nayo itakupa hicho hicho, ila kwa kasi zaidi.