Maswali na majibu: Kumfuata msanii ng'ambo pamoja na mashabiki wenzako

Wasanii wakubwa wa pop hawafiki kila nchi. Machi 2024 Taylor Swift aliimba usiku sita Singapore, na Asia ya Kusini-Mashariki yote hakutua kwingine. Agosti ya mwaka huohuo Adele alijengewa uwanja wa muda mjini Munich, akaimba usiku kumi, na aliyemtaka ikabidi amfuate hukohuko. Ndiyo maana barua zinazonifikia siku hizi zinauliza zaidi habari za pasi, nauli na watu wa kufuatana nao kuliko habari za nyimbo. Nimechukua chache.

Tuko sita, tumefahamiana kwenye grupu la mashabiki mtandaoni, hatujawahi kuonana ana kwa ana. Mmoja amejitolea kununua tiketi na kulipia malazi, na anataka tumtumie fedha zote mapema. Tumwamini?

Mtu unaweza kumpenda sana kwa kuchati naye, lakini hiyo haitoshi kumkabidhi fedha zako zote kwa mkupuo. Simtuhumu mwenzenu. Hata mwaminifu huugua, hufungiwa akaunti, hufiwa. Na siku hiyo tiketi sita ziko kwenye simu yake na malazi yako kwa jina lake. Kosa hapa ni kumbebesha mtu mmoja kila kitu.

Kwanza pigianeni simu ya video, wote sita, kila mmoja aonekane uso. Halafu gawaneni kazi. Mmoja anunue tiketi za onyesho, mwingine ashike malazi, na kila mtu alipe nauli yake mwenyewe moja kwa moja kwa shirika la ndege. Fedha ya tiketi itumwe karibu na siku ya mauzo, ikiwa ya tiketi tu, na msipofanikiwa irudi ndani ya siku mlizokubaliana. Malazi yachukuliwe yale yanayoruhusu kughairi bila makato, na uthibitisho wake uwekwe kwenye grupu kila mtu auone.

Kisha andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano. Nani ametoa kiasi gani, kwa sarafu gani, na kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ipi. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu tiketi iliyonunuliwa mwezi wa tatu inadaiwa kwa kiwango cha mwezi wa tisa na maneno yanaanza. Andikeni pia siku ya mwisho ya kujitoa. Anayejitoa baada ya hapo anatafuta wa kuchukua nafasi yake au anaacha mchango wake, na kila mmoja aseme wazi kwamba amekubali. Najua inaonekana ni urasimu mwingi kwa watu wanaokwenda kuimba. Lakini nimeona urafiki mzuri wa mashabiki ukifa kwa deni la chumba ambalo lingemalizwa kwa mistari mitatu ya maandishi.

Na mtu anayekasirika kwa kuombwa risiti, msifuatane naye.

Nianze na tiketi ya tamasha, viza au ndege?

Huna uchaguzi mkubwa. Tiketi za tamasha mara nyingi huuzwa miezi sita hadi mwaka kabla, na nchi nyingi hazipokei maombi ya viza mapema hivyo. Kwa viza ya Schengen, kwa mfano, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, maombi hupokelewa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi siku 45. Kwa hiyo tiketi ya onyesho inatangulia, viza inafuata, na ndege unailipia ukishapata jibu. Kama ubalozi unataka kuona mpango wa safari, tumia nafasi uliyoshika bila kulipa, au tiketi inayorejesheka.

Mambo mengine ya Schengen yanayowaangusha watu: maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si ile yenye ubalozi wenye foleni fupi. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Pasi iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na iwe na kurasa mbili tupu. Ambatanisha tiketi ya tamasha pamoja na barua fupi inayoeleza unakwenda kufanya nini na unarudi lini. Kumpenda mwanamuziki ni sababu halali ya safari, usione haya kuiandika.

Sasa jambo linaloumiza makundi: hakuna viza ya grupu la marafiki. Kila mmoja anaomba peke yake na kila mmoja anajibiwa peke yake. Katika watu watano mmoja anaweza kunyimwa, na huenda akawa ndiye aliyewakutanisha. Kubalianeni mapema mtafanya nini. Mimi ningependekeza gharama yake ya malazi igawanywe kwa wanaokwenda, na tiketi yake iwe ya kwanza kutafutiwa mnunuzi. Ameshakosa onyesho, msimwongezee hasara.

Tiketi zimeisha rasmi. Kuna mtu anaziuza kwa mara tatu ya bei, anasema ni halisi. Ninunue?

Hapana. Ukiwa nchini mwako, tiketi bandia inakupotezea jioni moja. Ukiwa ng'ambo inakupotezea safari nzima. Na hata ikiwa halisi inaweza kukataliwa getini, kwa sababu katika nchi kadhaa tiketi sasa hutolewa kwa jina la mnunuzi. Japani ina sheria maalumu tangu Juni 2019 inayokataza kuuza tena tiketi za aina hiyo kibiashara kwa bei ya kupita ile ya awali. Adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yeni milioni moja. Ufaransa na Ireland nazo zina sheria dhidi ya walanguzi.

Angalia kama mwandalizi ana jukwaa lake la kuuziana tiketi. Yapo mengi, na tiketi huachiwa hadi siku ya onyesho lenyewe, hasa jukwaa la kuimbia likishapangwa na viti vilivyokuwa vimezuiwa vikionekana vinafaa. Ni kazi ya kuvizia, na mkiwa kundi mnaweza kupokezana zamu.

Jambo moja kuhusu majina. Kwa maonyesho mengi ya Japani aliyeomba tiketi ndiye hutambuliwa, na wenzake huingia pamoja naye. Mwenye jina akichelewa treni, wote mko nje. Basi kiongozi wenu awe yule ambaye hajawahi kuchelewa maishani, hata kama si shabiki mkubwa kuliko wote. Na jina la kwenye akaunti liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Jina la utani la mtandaoni liache mtandaoni.

Tukifika na onyesho likafutwa, tutadai nini?

Kwa kawaida bei ya tiketi, na hapo ndipo haki yenu inapoishia. Nauli na malazi mwandalizi hakuwauzia.

Agosti 2024 Taylor Swift alipaswa kuimba usiku tatu Vienna, kwenye uwanja wa Ernst Happel. Usiku wa kuamkia onyesho la kwanza yote matatu yakafutwa, baada ya polisi kugundua njama ya shambulio. Maelfu ya mashabiki walikuwa wameshatua, wengine wamevuka bahari. Fedha za tiketi zilirudishwa, lakini gharama za safari ziliwakalia wenyewe.

Ninachotaka ukisikie ni walichofanya baada ya kulia. Vienna ina mtaa mdogo uitwao Corneliusgasse, jina linalokaribiana na wimbo wake mmoja. Mashabiki walijazana pale mchana na usiku, wakaimba nyimbo alizokuwa aziimbe uwanjani, wakabadilishana bangili za shanga za herufi walizozitunga miezi mizima, na mti mmoja wa mtaani ukavikwa bangili matawi kwa matawi. Majumba kadhaa ya makumbusho yakawafungulia milango bure kwa kuonyesha tiketi ya onyesho. Waliokuwa na wenzao walikuwa na pa kupeleka huzuni.

Kwa hiyo nunueni bima inayotaja kuvunjika kwa safari, msome kipengele cha sababu zinazokubalika kabla ya kulipa, kwa maana sera nyingi hazihesabu kufutwa kwa tamasha kuwa sababu. Mkiweza, fikeni siku moja au mbili kabla, na mchague mji ambao mngefurahi kuutembea hata bila onyesho.

Wenzangu wawili wana tiketi za mbele kabisa, mimi nimepata kiti cha juu. Nawaonea wivu na safari bado.

Wivu huo ni wa kawaida, uwaambie. Kiti cha juu unaona umbo zima la onyesho, taa na bahari ya watu, mambo ambayo wa mbele huyaona kwenye video siku ya pili. Tembeeni pamoja mchana kutwa, mwachane getini, mkutane baadaye kila mmoja na yake ya kusimulia.

Tunapanga kupiga foleni tangu alfajiri ili tupate mbele. Tubebe nini?

Kabla ya kubeba chochote, ulizeni hali ya hewa, na mkubaliane kwamba hakuna nafasi ya mbele yenye thamani ya mwili wa mtu.

Novemba 2023, mjini Rio de Janeiro, joto lilivyohisiwa mwilini lilikaribia nyuzi 60. Watu walipanga foleni juani saa nyingi, na hawakuruhusiwa kuingia uwanjani na maji yao. Shabiki mmoja wa miaka 23, aliyekuwa amesafiri kwa ndege kuja kumwona msanii anayempenda, alizimia onyesho likiwa ndiyo kwanza limeanza, akafa. Wachunguzi walisema ni joto. Siku iliyofuata serikali ya Brazil iliagiza watu waruhusiwe kuingia na maji, na yagawiwe bure. Sikumbuki habari iliyonikaa moyoni kama hii tangu nianze kujibu barua hizi.

Basi pangeni zamu za foleni za saa mbili mbili, kama utaratibu wa pale unaruhusu, wengine wakae kivulini. Kunyweni maji kidogo kidogo tangu asubuhi. Wako wanaojinyima maji ili wasipoteze nafasi kwa kwenda msalani, nawasihi mkatazane. Kuleni chakula kamili kabla ya kuingia, maana mgeni aliyetoka safari ndefu huwa hajalala vizuri na mwili wake hauko kama kawaida. Mwenzenu akisema kichwa kinamzunguka, mtoeni hapohapo, bila kungoja wimbo uishe. Walinzi wa kwenye vizuizi vya mbele wamezoea kuwavusha watu. Inueni mikono muwaite. Mmoja wenu atoke naye, na mtoke kwenye malazi asubuhi mkiwa mmeshajua ni nani.

Binti yangu wa miaka 16 anataka kwenda na mashabiki wenzake wakubwa. Nimkatalie?

Mama, nenda naye. Kama haiwezekani, awe na mtu mzima unayemfahamu wewe, si anayefahamika kwenye grupu. Mashirika ya ndege na idara za uhamiaji huweza kudai barua ya ridhaa ya wazazi, na baadhi ya kumbi zina umri wa chini kwa nafasi za kusimama, kwa hiyo soma masharti kabla ya kulipa. Lakini usimdharau kwa kile anachokipenda. Akihisi unamcheka hatakuambia mambo mengine utakayohitaji kuyajua.

Taa ya mashabiki, ile ya kupunga mkononi onyesho likiendelea, na pawabenki vinaruhusiwa kwenye ndege?

Pawabenki inakaa kwenye mkoba wa mkononi tu, kamwe isiwekwe kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, iko salama. Taa toa betri zake uzifunge pembeni isijiwashe. Uwanjani ni habari nyingine: viwanja vingi vya Marekani vinataka mkoba wa plastiki angavu, na kumbi nyingi za Uingereza hazipokei mkoba unaozidi ukubwa wa karatasi ya A4.

Je, vizibo vya masikio havitaniharibia muziki?

Nunua vile vya wanamuziki, vinashusha sauti bila kuiziba. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kumbi, na mbele ya spika watu huvuka hapo. Masikio hayaoti upya.

Tunaogopa kupotezana baada ya onyesho. Lugha ya huko hatuijui.

Wembley inaingiza watu hadi 90,000, na wote hutoka kwa dakika zilezile. Mtandao wa simu huzidiwa, ujumbe haufiki. Kwa hiyo mahali pa kukutania pachaguliwe mchana, kwa miguu, wote mkiwa mmesimama pale: mlango fulani wa kituo au duka la kona, mbali kidogo na uwanja. Si "nje ya geti", kwa sababu magari na vizuizi hupangwa upya usiku. Wekeni saa ya kusubiriana, tuseme dakika 45, na mtu asipotokea mjue atakwenda moja kwa moja kwenye malazi. Kila mmoja awe na anwani ya malazi kwenye karatasi, kwa lugha ya nchi ile, pamoja na namba za wenzake, kwani simu iliyorekodi kwa muda wa saa tatu haina chaji. Angalieni treni ya mwisho ni saa ngapi. Mkiona onyesho litaipita, shikeni mapema malazi mnayoweza kuyafikia kwa miguu, hata kama chumba ni kidogo.