Nilimchoma sindano isiyo yake, na mpaka leo sijasema

MEZA YA MATRONI
Maswali yenu kuhusu uuguzi, wodi na wagonjwa. Anajibu muuguzi mstaafu aliyefanya kazi wodini miaka 37.

*Shikamoo mama matroni. Mimi ni muuguzi, nina miaka 26, mwaka wa pili kazini katika hospitali ya wilaya. Niko wodi ya wanawake. Usiku tunapangwa muuguzi mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Wiki mbili zilizopita nilipokea zamu yenye wagonjwa 38 kwenye vitanda 26. Wengine walilala wawili wawili, wengine chini kwenye magodoro. Saa sita usiku nikiwa nagawa dawa, mhudumu akaniita: mama wa kitanda cha mwisho anabanwa na pumzi. Nikakimbia, sindano nimeshaivuta iko mkononi. Niliporudi nikamchoma mgonjwa wa kitanda namba 9. Kumbe jioni walibadilishana. Mwenye dawa alihamishiwa namba 14 karibu na dirisha, na wote wawili jina la kwanza ni moja. Ilikuwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria. Niligundua nusu saa baadaye, nilipotaka kusaini chati. Nikaandaa nyingine nikampa mwenyewe. Yule wa kwanza nilimwangalia mpaka asubuhi, hakupata shida, na ameshatoka hospitali. Sikumwambia daktari, sikumwambia inchaji, sikuandika kwenye kitabu cha ripoti. Usingizi umenipotea. Nikisema, nitanyang'anywa leseni?*
Muuguzi wa usiku, Kanda ya Ziwa

Marahaba mwanangu. Sema. Nenda kesho asubuhi kwa inchaji wako kabla raundi haijaanza, mweleze kama ulivyonieleza mimi, kisha mkae chini muandike. Andikeni mpaka namba za vitanda, na mpaka ile chupa moja ya dawa iliyopungua bila maelezo. Mgonjwa naye apigiwe simu, aulizwe hali yake, aambiwe kwamba alipewa dawa isiyo yake. Ni mwili wake. Kesho akienda hospitali nyingine akaulizwa kama amewahi kupata shida na dawa, anastahili kujua kilichowahi kuingia mwilini mwake.

Nakwambia hivyo nikijua uchungu wake. Mwaka 2004, msimu wa masika, nilikuwa na miaka 20 kazini. Sikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa peke yangu na mhudumu katika wodi ya wazazi, na miongoni mwa kina mama hao alikuwamo mmoja wa kifafa cha mimba aliyekuwa kwenye magnesiamu. Dawa hiyo imeokoa wanawake wengi sana, lakini ina masharti, na kila mkunga anayajua. Kabla ya dozi inayofuata unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti, lirushe mguu. Unaangalia mkojo, usiwe chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa nne zilizopita. Figo zikigoma kutoa mkojo, dawa inabaki mwilini, na ikizidi inazima pumzi.

Nilikuwa nimetoka kumzalisha mama ambaye mtoto alitanguliza matako. Gauni limelowa, mikono inatetemeka, saa ukutani inaniambia dozi imeshachelewa dakika 40. Nikampa. Sikuhesabu pumzi, sikugonga goti. Mfuko wa mkojo ulikuwa unaning'inia ubavuni mwa kitanda, umenywea kabisa. Ningeinama tu ningeuona.

Baadaye mhudumu ndiye aliyekuja kuniambia, "Sista, yule mama analala vibaya." Nikahesabu pumzi tisa. Nilimshika kidevu, nikamwekea barakoa ya ambu bagi, ule mfuko wa kusukumia hewa mapafuni, nikamwelekeza mhudumu akamlete daktari wa zamu, na daktari alipofika akasukuma mshipani kalisiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, mililita 10, polepole, huku mimi naendelea kukamua ule mfuko wa hewa. Yule mama alipona. Mtoto wake pia. Nashukuru mpaka leo.

Asubuhi nikaitwa kwa matroni. Nilienda nimejiandaa kulia. Alikuwa mwanamke mkali, tulimwogopa wote. Aliniangalia, akafungua daftari lake, akauliza: "Usiku ulikuwa na kina mama wangapi?" Nikamwambia 31, na wanne walijifungua. Akaandika. Akauliza tena: "Kalisiamu ilikuwa wapi?" Nikamwambia iko kwenye kabati la chumba cha dawa, mwisho wa korido. Akaandika. Halafu ndipo akanisema, na alinisema vya kutosha, maana kosa lilikuwa langu. Lakini mwezi ule ule usiku wa wodi ya wazazi ukawa na wauguzi wawili. Wa pili alimtoa chumba cha sindano cha wagonjwa wa nje, ambako wauguzi watatu walikuwa wanamaliza kazi saa nane mchana. Na kila mama aliyewekwa kwenye magnesiamu, ampuli ya kalisiamu na bomba lake la sindano vilibandikwa kwa plasta kwenye ubao wa kitanda chake. Haya yote yalitokea kwa sababu kuna mtu alisema na mwingine akaandika.

Sasa nikuulize wewe swali lile lile. Ulikuwa na wagonjwa wangapi? 38. Mwaka 2002 huko Marekani, Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, wagonjwa wa upasuaji. Walikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwa muuguzi mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Mwaka 2014 utafiti wa nchi tisa za Ulaya ukatoa asilimia 7 hiyo hiyo. Kule Pennsylvania, muuguzi mwenye wagonjwa 8 ndiye aliyehesabiwa kuwa na mzigo mzito. Jimbo la California liliamua kuweka kikomo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004: wodi za kawaida za magonjwa na upasuaji wagonjwa 6 kwa muuguzi, na mwaka uliofuata wakashuka hadi 5. Sikutajii haya ili ujione huna kosa. Hukumuuliza mgonjwa jina, na hilo ni lako. Nakutajia ujue kwamba idadi ya wauguzi ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa na oksijeni, na ikikosekana lazima iandikwe kuwa imekosekana.

Hapa ndipo ninapowasihi wauguzi wote wanaosoma ukurasa huu. Nimepitia vitabu vingi vya ripoti maishani mwangu. Usiku wa muuguzi mmoja na wagonjwa 40, chati zote zimejazwa: presha ya saa kumi alfajiri ipo, joto lipo, pumzi 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda. Wanangu, sisi sote tunajua zile namba zinatoka wapi. Zimeandikwa mezani. Tunazijaza kwa hofu, tusionekane wazembe, na matokeo yake wodi inaonekana kwenye makaratasi kwamba inaendeshwa vizuri na mtu mmoja. Sasa mganga mfawidhi akisoma ripoti hizo, atakuletea mwenzako kwa sababu ipi?

Kwa hiyo kuanzia zamu yako ijayo, mstari wa kwanza wa ripoti uwe idadi: wagonjwa wangapi, vitanda vingapi, wauguzi wangapi. Na mstari wa mwisho uwe kilichoshindikana. "Presha ya saa kumi haikupimwa kwa wagonjwa 12, muuguzi alikuwa na mgonjwa wa kubanwa na pumzi kuanzia saa tisa." Ukianza na wale walio hatarini zaidi, na ukaacha kwa kuandika wale walio imara, umefanya kazi ya kiuguzi. Ukibuni, umemdanganya daktari atakayeamua dawa asubuhi kwa kutazama namba yako.

Kuhusu jina. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?" Mtu mwenye homa, usiku, ameamshwa ghafla, atakuitikia ndiyo kwa jina lolote. Muulize, "Unaitwa nani? Majina yako matatu," kisha linganisha na chati na namba ya faili. Kitanda si jina. Na sindano iliyovutwa usikimbie nayo. Iache kwenye trei pamoja na chati yake, urudi uanze upya. Mnaofanya kazi chumba cha upasuaji mnaijua ile orodha ya Shirika la Afya Duniani, ambapo watu wanatulia na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, operesheni gani, mahali gani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani na mojawapo ilikuwa yetu, Ifakara, pamoja na za London, Toronto, Manila na kwingineko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja na sauti za watu.

Leseni. Siwezi kukuahidi kwa niaba ya mtu, lakini katika miaka yangu yote, shauri lililomwendea muuguzi vibaya zaidi lilikuwa lile ambalo kosa lilifichwa, chati ikafutwafutwa, kisha ndugu wakagundua wenyewe. Ukienda mwenyewe, na mapema, unakwenda na maelezo yako ukiwa unayakumbuka. Kama inchaji wako ni wa kupiga kelele, nenda kwa muuguzi mfawidhi wa hospitali. Na ukilala baada ya hapo, niandikie tena.

*Mama, mimi ni inchaji wa wodi, Mtwara. Nina wauguzi 8. Kila mwezi nikibandika ratiba ni ugomvi. Mganga mfawidhi anasema wanatosha, nipange vizuri tu. Kosa langu liko wapi?*

Mwanangu, kaa na kalamu tufanye hesabu, maana hii huwezi kubishana nayo kwa maneno. Wiki ina saa 168. Sheria yetu ya kazi inataka mtu asizidi saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya: ili nafasi moja tu iwe na mtu usiku na mchana wiki nzima, unahitaji watu karibu 4. Toa likizo ya siku 28 kwa kila mmoja, toa sikukuu, mafunzo, mtu aliyefiwa, mtu anayeumwa, anayenyonyesha. Unafika karibu watu 5. Wauguzi wawili wakati wote ni watu 10. Una 8, na asubuhi unahitaji zaidi ya wawili kwa sababu ya raundi, vidonda na wagonjwa wanaopelekwa kupiga picha. Kwa hiyo hujapanga vibaya. Hawatoshi, na karatasi hii umpelekee mganga mfawidhi ukiwa umeiambatanisha na hesabu ya wagonjwa wa miezi mitatu. Ukipata nafasi waombe wilayani wakufundishe hesabu ya WISN, njia ya Shirika la Afya Duniani inayopima kazi yenyewe na muda wake badala ya kuhesabu vitanda peke yake.

Wakati unasubiri, yapo yaliyo mikononi mwako. Usimweke aliyetoka zamu ya jioni aamkie asubuhi. Anafika kwake saa nne usiku, anapika, analala saa tano, na saa moja ana trei ya dawa mkononi. Usiwaweke wawili walioajiriwa juzi usiku mmoja kwa sababu tu ni marafiki na wameomba. Na ripoti ya kukabidhiana isisomwe mezani. Tembeeni kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia, mmtazame mgonjwa, dripu, mfuko wa mkojo. Yule msomaji wangu wa Kanda ya Ziwa angejua pale pale kwamba namba 9 si yule tena.

Ugomvi wa ratiba mara nyingi unatokana na siri. Bandika mapema, na maombi ya ruhusa yaandikwe kwenye daftari ambalo kila mtu analiona.

*Shikamoo bibi. Mama yangu amelazwa, mimi ndiye ninayemuuguza. Manesi wana kazi nyingi, naogopa kuwauliza. Nifanye nini niwe msaada?* Kijana, Tanga

Marahaba mjukuu wangu. Uliza. Dawa ikiletwa, uliza kwa adabu ni ya nini, na kama mama yako aliwahi kuvimba au kuwashwa kwa dawa fulani, liseme hata kama ulishalisema jana, kwa sababu huenda aliye mbele yako leo hakuwepo.

Usiguse gurudumu la dripu. Nimeona ndugu wengi wakiifungulia ikimbie wakidhani mgonjwa atapata nguvu haraka, na mzee mwenye moyo dhaifu akajaa maji mapafuni. Ikiwa imeisha au imesimama, mwite nesi.

Na mama akiwekewa damu, kaa naye, hasa dakika 15 za mwanzo. Nesi anatakiwa awepo naye pia, lakini umeshaona wako wangapi. Ukiona anatetemeka, anawashwa, anasema mgongo unauma au kifua kinabana, hapo usingoje wala usione aibu. Paza sauti useme, "Nesi, damu inamkataa," nao watakuja mbio.